Ndiyo ya Mama Noela

Kompyuta ya Mama Noela ilikuwa na sifa moja iliyompa raha: haikuwa na malalamiko. Ilikuwa kuukuu, na ilichukua muda kuamka kuliko mumewe siku ya Jumapili, lakini ikishaamka ilifanya kazi kimya kimya mpaka jioni. Kwa hiyo siku ilipoamua kulalamika, tena mbele za watu, mwenye nayo alijiona kama aliyedondokwa na kilemba katikati ya misa.

Steshenari yake iko mtaa wa Kambarage: chumba kimoja chenye mashine ya kutoa kopi, printa mbili ambazo moja tu hufanya kazi, na benchi la wateja. Asubuhi hiyo benchi lilikuwa limejaa. Alikuwapo mwalimu mwenye mitihani ya majaribio, alikuwapo kijana wa barua ya kuomba kazi, na mbele yao wote, kwa heshima ya cheo chake, alikuwapo Salome, mwenyekiti wa kina mama wa parokia, aliyefuata vitabu vya misa ya kipaimara. Kando yao, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, alikaa Makoye, kaka mkubwa wa mume wa Mama Noela, kofia magotini, akisikiliza nyimbo zake za ngoma, zilizonakiliwa kwenye kompyuta kutoka flashi yake, zikitoka kwa sauti ya chini kwenye spika ndogo.

Makoye alikuja kutoka machimbo ya Rwamgasa na mapafu yaliyojaa vumbi la mawe. Kule alikuwa akilisha karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba akirudi kwenye vumbi lile, atatolewa humo akiwa amebebwa. Basi akaja kwa mdogo wake huko Ngokolo, akapewa chumba cha Noela aliyekuwa chuoni, na kwa kuwa mtu aliyezoea kazi hawezi kushinda nyumbani akitazama kuku, kila asubuhi alimfuata shemeji yake steshenari. Hakuajiriwa na mtu pale. Alifagia, alipanga karatasi, alisalimiana na wateja mpaka wakasahau kilichowaleta. Mama Noela, ambaye jina lake la ubatizo ni Eufrasia ingawa siku hizi aliyebaki akimwita hivyo ni padri, alimpenda. Alimchoka pia. Mambo hayo mawili hukaa nyumba moja bila kugombana, mpaka kitokee kitu.

Kitu chenyewe kilikuwa kisanduku chekundu. Kilichomoza kwenye kona ya kioo cha kompyuta na kupiga mlio, nyimbo zikafifia nyuma yake. Ilikuwa ni antivairasi, programu ya kuilinda kompyuta, ikisema. Mama Noela alisoma Kiingereza chake cha kidato cha nne na kuelewa nusu: kuna programu imeonekana humu, na huenda haitakiwi. Chini yake kulikuwa na vitufe vya kuchagua, kuondoa, kutenga au kuruhusu. Kwa siku kadhaa mashine hiyo ilikuwa ikileta vioja. Ukifungua intaneti unapelekwa ukurasa usiouomba, matangazo ya kamari yanacheza yenyewe, na kuna programu moja imejipa jina la msafishaji, kazi yake kutangaza kwamba kompyuta ina makosa mamia kwa mamia na kuomba ilipwe iyafute. Yote hayo Mama Noela alikuwa anayafunga kama mtu anayefukuza nzi, kisha anaendelea na kazi.

"Nini hicho kinachopiga kelele?" aliuliza Salome.

"Si kitu, mwenyekiti." Akabonyeza kuruhusu ili kinyamaze. Kikanyamaza. Kabla hajageuza karatasi kikarudi, sasa na mwenzake.

Salome alishaegemea meza. "Mama Noela, hivyo ni virusi. Niliviona kwa mwanangu Mwanza, vilikula picha zote za harusi. Nitolee flashi yangu."

"Mwenyekiti, ni dakika moja tu..."

"Flashi yangu ina nyimbo za kwaya na majina ya watoto wote wa kipaimara. Nitolee."

Mwalimu naye alichomoa ya kwake bila kuomba ruhusa, akaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Kijana wa barua ya kazi hakuwa na flashi; alibaki akiitazama simu yake kwa wasiwasi, akaisogeza mbali na meza.

Aibu ikimbana mtu hutafuta wa kumtwika, na aliyekuwa karibu alikuwa Makoye.

"Nilijua tu," alisema Mama Noela, na sauti ikapanda kuliko alivyokusudia. "Ni hizi nyimbo. Baba Mkubwa, flashi yako hii imezunguka machimboni kote, kwenye simu za kila mtu, ndiyo imetuletea uchafu huu. Kila siku nyimbo, kila siku nyimbo, sasa ona."

Watu wote waligeuka kumtazama yule mzee. Makoye hakujitetea. Aliitazama kompyuta kwa muda, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyeambiwa jambo alilokuwa akilitegemea.

"Inawezekana, mayu," alisema. Humwita hivyo, mama, kwa Kisukuma, tangu alipofika. "Mimi nina gundu. Duara letu la mwisho kule, shimo tulilochimba, lilijaa maji siku ileile niliyoingia kundini. Zifute tu."

Mama Noela alizifuta palepale, ili wateja waone. Kompyuta ikauliza swali, naye akabonyeza ndiyo kabla swali halijaisha. Steshenari ikawa kimya. Makoye alisimama, akashika ukuta mpaka kikohozi kilipompita, akachomoa flashi yake, akavaa kofia.

"Wabeja," alisema, maana yake asante, ingawa hapakuwa na cha kushukuru. "Natangulia nyumbani."

Wateja waliondoka vilevile. Salome alivuka barabara na kuingia kwa yule jirani mwenye printa mpya, na Mama Noela akabaki na kompyuta yake, kisanduku chekundu kikichomoza tena kwenye kona.

*

Jioni, nyumbani Ngokolo, alichemsha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyopikwa vikakaushwa, akaviunga kwa karanga za kusaga. Ni chakula anachokipenda Makoye. Mama Noela hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa mdomo; alijua kuomba kwa sufuria, na mara nyingi ilitosha. Lakini nyumbani hakumkuta Makoye, na mumewe alirudi peke yake kutoka jineri ya pamba alikofanya kazi, akanawa, akakaa.

"Baba Mkubwa yuko wapi?"

"Kwa Clemens," alisema William. Clemens alikuwa mwenzake Makoye wa zamani wa machimboni, ambaye aliacha kuchimba mapema, akanunua lori la Fuso na kuanza kusafirisha mchele. "Atalala huko. Kesho Clemens anapakia mzigo wa Geita, na kaka ataondoka nao."

"Geita kufanya nini?"

"Rwamgasa. Kuna mtu anamshikia nafasi kwenye karasha."

Mama Noela aliweka mwiko chini. "Si daktari alisema..."

"Alisema. Nilikuwepo."

"Na wewe hukumzuia?"

William alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa na ubaya mmoja: hakuweza kugombana, kwa hiyo alisema kweli. "Nilimzuia. Akaniuliza, aliyeniona nina gundu ni wewe? Nikasema hapana. Akasema basi huwezi kulifuta. Unajua wenzetu wa machimboni wana taratibu zao. Mtu akionekana ana mkosi hafukuzwi. Anaona macho ya wenzake, anachukua blanketi lake, anaondoka kabla hawajalazimika kumwambia. Kwao hiyo ndiyo heshima. Anaona amekufanyia heshima, mke wangu."

Kisha akatoa kitu mfukoni na kukiweka mezani, kando ya bakuli la matobolwa. Ilikuwa flashi.

"Amesema nikupe. Ameipeleka kwa fundi simu ikasafishwa yote. Anasema utaitumia kwa wateja, haina kitu tena cha kukusumbua."

"Amefuta nyimbo zote?"

"Zote."

"Atazipata tu nyingine," alisema Mama Noela, akijaribu kujipoza. "Nyimbo za kulimia ziko kila mahali, hata kwenye simu za watoto."

William alimtazama.

"Mama Noela. Anayeongoza zile nyimbo unamjua?"

"Si kikundi cha kwenu Bukombe?"

"Ni kikundi cha kwetu Bukombe. Na ningi wao ni kaka."

Ningi, kwa Wasukuma, ndiye anayetunga na kuanzisha. Akitupa mstari, kundi zima linaitikia na majembe yanapanda na kushuka pamoja, na shamba linakwisha watu wakidhani wamecheza ngoma. Mama Noela, Msumbwa wa Ushirombo, aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini sauti ile kwenye spika ilikuwa nene na ya raha, sauti ya mtu anayewachokoza wenzake kwenye jua kali, na Makoye aliyemjua yeye alikuwa akiomba chumvi kwa mnong'ono.

"Mihayo, mwenzao wa kikundi, alizirekodi kwa simu," William aliendelea, "mwaka kaka alipokuwa anajiandaa kwenda kuchimba. Simu ile ilishakufa, Mihayo mwenyewe alihamia huko Katavi. Flashi hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambiaje? Mtu aseme, mayu, sikiliza, hii ni sauti yangu, wakati aliyonayo sasa haifiki hata mlangoni?"

Mama Noela alikumbuka jinsi yule mzee alivyokuwa akiomba wimbo mmoja urudiwe, palepale katikati, na jinsi midomo yake ilivyokuwa ikitembea. Yeye alidhani anasali. Alihisi uchungu ambao hakuujua tangu alipomzika mama yake, na uchungu huu ulikuwa na jina la mtu aliyeusababisha, nalo lilikuwa lake. Matobolwa yalipoa. William alikula mawili kwa adabu, akasema yana karanga nzuri.

*

Asubuhi alimwita Dorika, fundi kompyuta, ambaye hufanya kazi mtoto akiwa mgongoni na bisibisi imechomekwa kwenye pindo la kitenge.

"Shikamoo, Mama Noela."

"Marahaba, mwanangu. Niondolee hivi virusi. Lakini kwanza uniambie kama viliingia na nyimbo za kwenye flashi."

Dorika alikaa, akampanga mtoto vizuri, na jambo la kwanza alilofanya lilimshangaza mwenye duka: hakugusa kitu. Alisoma. Alikisoma kisanduku chekundu kuanzia juu mpaka chini, akabonyeza mahali penye maelezo zaidi, akasoma tena.

"Hivi si virusi," alisema.

"Si virusi? Mbona antivairasi inapiga kelele?"

"Virusi huvunja mlango, mama. Hivi vilibisha hodi na mtu akavikaribisha. Ndiyo maana antivairasi yenyewe haina uhakika. Haisemi ni vibaya, inasema huenda havitakiwi. Inakuuliza wewe mwenye nyumba: hawa unawafahamu? Uliwaita?"

"Mimi sikuita mtu."

"Hapa inaonyesha vimetokea wapi. Hivi karibuni hukuweka programu ya kubadili faili la PDF?"

Mama Noela alikumbuka. Kitabu cha kipaimara kililetwa kwa namna ambayo haikubali kusahihishwa, na jina la askofu lilikuwa limekosewa. Salome alikuwa amesimama pale pale kama askari. "Niliiweka. Ni ya bure."

"Ulipokuwa unaiweka ulibonyeza nini?"

"Endelea."

"Halafu?"

"Endelea. Halafu kubali. Vilikuja vingi, mwanangu, nikavibonyeza vyote."

Dorika alilitafuta faili lile la kuwekea programu, akalifungua upya na kulipeleka hatua kwa hatua, mpaka akafika kwenye dirisha moja lenye maandishi madogo ya kijivu. Akaweka kidole. "Nisomee hapa."

Mama Noela alivaa miwani. Alisoma polepole, akitafsiri huku akisoma: kwamba pamoja na programu aliyoiomba, anakubali pia kuletewa kisafisha kompyuta, na kubadilishiwa ukurasa wa intaneti. Mbele ya maneno hayo kulikuwa na kiboksi, na kwenye kiboksi kulikuwa na tiki.

"Mbona tiki imeshawekwa?"

"Wameiweka wao. Ya kwako ilikuwa kuitoa. Uliposema endelea, ulisema ndiyo kwa wote."

Ukimlaumu Mama Noela utakuwa unamwonea. Amelelewa nyumba ambayo mgeni akija na wenzake wanne hawaulizwi ninyi ni nani. Unaongeza maji kwenye sufuria na unga kwenye maji, na majina mtajuana mbele ya safari. Amesema ndiyo maisha yake yote. Alisema ndiyo kwa kwaya, akasema ndiyo kwa kamati tatu za parokia, akasema ndiyo hata kwa William, kwa mujibu wake mwenyewe, kabla kijana wa watu hajafika mwisho wa sentensi. Tabia hiyo imempa marafiki wengi na usingizi kidogo. Ila hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu mahali fulani wanaokaa na kuitegea.

"Na nyimbo?" aliuliza, ingawa jibu alishalijua.

"Nyimbo ni sauti tupu. Hazina kosa."

Dorika alianza kazi. Alimwonyesha kila anachokifanya. Kwanza alikwenda kwenye orodha ya programu na kumtoa yule msafishaji kwa mlango aliopitia, kisha akaurudisha ukurasa wa intaneti wa zamani, halafu ndipo akairudia antivairasi. "Kuruhusu ndiko ulikokuwa unakubonyeza ili kinyamaze. Yaani ulikuwa unamwambia askari, muache huyo, ni wa kwangu. Kutenga ni kumfungia mtu chumba cha uani: hafanyi kitu, lakini ikigundulika umemwonea, unamtoa. Kama hujui kitu ni nini, usikimbilie kuruhusu wala kuondoa. Tenga, uliza, halafu ndiyo uamue."

"Ningeyajua haya jana."

"Jana ungeuliza?"

Mtoto mgongoni alikuwa amelala, shavu limebanwa kwenye bega la mama yake. Dorika aliiacha antivairasi ipite kompyuta nzima mara moja zaidi, na safari hii haikuwa na la kusema.

"Namalizia usafi," alisema. "Nimwage na pipa la taka? Limejaa."

Kisanduku kikatokea, kidogo, cheupe, chenye swali. Mdomo wa Mama Noela ulikuwa umeshafunguka. Ndiyo ilikuwa imeshafika kwenye ulimi.

"Ngoja," alisema. "Limeandika nini?"

"Linauliza kama una uhakika unataka vilivyomo vifutwe kabisa."

"Vilivyomo ni vipi?"

"Sijui, mama. Ni takataka zako."

"Fungua tuone."

Dorika akafungua. Nyimbo zilikuwa juu kabisa, mstari mmoja baada ya mwingine, zikiwa na majina aliyoyaandika Mihayo bila kujali herufi kubwa wala ndogo. Ukifuta kitu kwenye kompyuta hakiendi mbali; huingia pipani na kukaa humo, kikisubiri mwenye nacho atulize kichwa. Mama Noela alilia bila sauti, mikono yake mapajani, na Dorika, ambaye ana akili, alijifanya anamfunga mtoto kitenge upya.

"Zirudishe," alisema alipoweza. "Halafu uniwekee kwenye hii flashi. Na uniachie nakala humu humu. Na nyingine kwenye simu yangu."

*

Alimpigia William simu jineri amsindikize kwa Clemens. William alisema, "Nitakuja nikitoka. Lakini wewe usinisubiri. Neno lilitoka mdomoni mwako."

Njiani, hotipoti ya matobolwa mkononi, alipitia kwanza kwa jirani mwenye printa mpya. Salome alikuwa bado anasubiri vitabu vyake, kwa kuwa printa mpya ilikuwa imekwama. Mama Noela alisimama mlangoni, mbele ya wateja wa mtu mwingine, akasema, "Mwenyekiti, jana nilimsingizia shemeji yangu. Uchafu ule niliuingiza mimi mwenyewe nilipokuwa nahangaika na kitabu chako. Sikusoma nilichokuwa nakikubali."

Salome alimtazama juu mpaka chini. "Kwa hiyo ulijiambukiza mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Haya. Wewe angalau unasema," alisema Salome, na kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe alionekana kutokuwa na la kuongeza.

Clemens alikuwa anapakia kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga. Fuso lilikuwa limefunguliwa nyuma, makuli wanapanda ubaoni na magunia mabegani, pumba zimetanda hewani. Makoye alikuwa amekaa mbali na vumbi lile, juu ya tairi kuukuu, kitambaa puani. Mama Noela alifika mbele yake, akapiga goti kidogo kama anavyofanya kwa baba mkwe, maana kaka mkubwa wa mume hana tofauti naye.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mayu. Mmeamkaje?"

"Tumeamka. Wewe umeamkaje?"

"Salama. Baba Noela yuko kazini?"

"Yuko kazini. Anakuja."

"Na duka?"

Hapo ndipo salamu zilipofika, na hapo ndipo alipoanzia. "Duka limepona. Hazikuwa nyimbo, Baba Mkubwa. Nilibonyeza mimi. Nilikusema mbele za watu, kwa hiyo nakuja kujisema mbele za watu." Alipaza sauti, makuli wawili walisimama na magunia yao kusikiliza. "Nilikukosea. Naomba unisamehe."

Makoye alipangusa upande wa tairi kwa kiganja ili shemeji yake akae. "Nilishakusamehe zamani, mayu. Lakini hata kama si nyimbo, gundu liko palepale. Mtu huijua damu yake."

Mama Noela alikwenda kwenye kichwa cha Fuso, akamwambia Clemens, "Redio yako inakubali flashi?" Clemens akaichomeka.

Ilianza kwa mluzi na mtu kucheka. Halafu sauti ikatoka, nene, yenye masihara, ikitupa mstari kwenye uwanja wa mpunga kama ilivyotupwa kwenye shamba la Bukombe, na kundi likaitikia. Makoye alisimama kutoka kwenye tairi. Makuli, vijana wa Kisukuma wote, hawakuambiwa na mtu; kufika mstari wa tatu mmoja alishaanza kuitikia, kisha wawili, na magunia yakaanza kupanda Fuso kwa mwendo ambao Clemens hakuwahi kuwalipa kwa ajili yake. Mkono wa yule mzee ulikuwa unapiga paja taratibu.

"Hapo," alisema kwa mnong'ono wake, "hapo Mihayo kachelewa kuitikia. Alikuwa anaangalia simu."

Clemens alicheka mpaka akashika mlango. Makoye hakucheka. Alimgeukia shemeji yake na macho yaliyokuwa yamelowa.

"Nilidhani zimekwisha."

"Hazikwisha. Nilikuwa karibu kuzimaliza, nikauliza."

Wimbo ukaisha, mwingine ukashika. Makoye alikohoa, akasubiri, akasema, "Mayu, niambie kweli. Unataka nirudi nyumbani, au umetumwa na William?"

Mama Noela, mwanamke ambaye ndiyo yake hutoka kabla swali halijaisha, alinyamaza. Alinyamaza mpaka Clemens akapunguza redio.

"Hujatumwa?" aliuliza Makoye.

"Subiri, nasoma," alisema. Akavuta pumzi. "Unakohoa alfajiri mpaka naamka kabla ya jogoo. Unatia sukari kwenye chai kama unaimwaga. Noela akirudi likizo atalala sebuleni na atanuna. Unawasalimia wateja wangu mpaka wananikimbia kwa kuchelewa kazini. Dawa zako lazima nikukumbushe, na ukikumbushwa unakasirika kama mtoto. Na nyimbo hizi utazipiga kila siku, na sasa utazipiga kwa sauti kubwa." Alimtazama usoni, jambo ambalo adabu haikumruhusu mara nyingi. "Nimesoma yote, Baba Mkubwa, hata yale maandishi madogo. Ndiyo."

Yule mzee alivua kofia, akaitazama ndani yake, akaivaa tena.

"Clemens," alisema. "Nipe begi langu."

Clemens alijikuna shingo na kutazama nyuma ya gari. "Begi lako tuliliweka la kwanza."

"Liko wapi?"

"Chini. Chini kabisa, huko mbele. Magunia yote yako juu yake."

Makuli waliacha kazi. Walilitazama Fuso lililokuwa limekaribia kujaa, wakamtazama mzee, wakamtazama mama aliyesimama na hotipoti ya matobolwa mkononi. Kiongozi wao, Maige, alitema mate pembeni, akapanda ubaoni na kulikamata gunia la juu kabisa.

"Basi rudisha ule wimbo wa kwanza," alisema. "Huu hauna mwendo."